Muhogo kwenye Chemba ya Chanzo

Mtu akilalamika mbele yangu kwamba maji ya bomba yananuka dawa, napandwa na mori hapo hapo, hata kama ni mgeni wangu na chai nimemwekea mezani mwenyewe. Harufu ile nimeitumikia. Katika miaka ya tisini nilikuwa mtia dawa wa maji ya mji wa Kibondo, na kwa harufu ile nilisemwa sokoni, nikasemwa kanisani, nikasemwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Wanawake walisema dawa inafunga uzazi. Wanaume walisema inaharibu pombe ya ndizi. Watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walisema chai ya Kibondo hainyweki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisimamisha njiani akaniambia, asante dada, wanangu siku hizi hawaharishi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji yalitoka kwenye chemchemi milimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Pale kwenye chanzo palijengwa chemba ya saruji yenye mfuniko wa chuma na kufuli, maji yatulie humo na mchanga uzame kabla hayajaingia kwenye bomba. Kutoka hapo yalishuka yenyewe mpaka kwenye tangi juu ya mji, bila pampu wala dizeli. Kwenye tangi ndipo nilipokuwa mimi, na pipa langu la dawa lenye koki ndogo chini. Nilikoroga unga wa klorini asubuhi, nikafungua koki idondoke kidogo kidogo, nikahesabu matone kwa saa ya mkononi ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka. Halafu nilishuka kupima kwenye bomba la soko, la shule na la hospitali. Nilikinga maji kwenye kichupa, nikatumbukiza kidonge. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imefika. Yakibaki kama yalivyo, maana yake kuna uchafu uliokula dawa yote njiani, na anayekunywa pale anajaribu bahati yake.

Nilikuwa na pipa, kichupa na miguu yangu, basi. Maji ya mji mzima yalitegemea vitu hivyo vitatu, na mshahara uliokuja ulipojisikia.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu. Kibondo nilikuja kwa ndoa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mmoja wa walinzi wawili wa chanzo. Walipokezana wiki kwa wiki na mzee mwenzake, na mwenye zamu alivaa ufunguo wa chemba shingoni kwa kamba ya katani. Sisi Waha wa rika langu tulilelewa kwamba mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki mbele yake, hatamki nyuma yake, hatamki hata akiota. Na kwa kuwa wanangu walibeba jina hilo kama jina la ukoo, kila nilipompeleka mtoto kliniki nesi aliniuliza, jina kamili nani? Nami nilimnyooshea kadi asome mwenyewe. Wengine walidhani sijui kusoma.

Mzee yule alikilinda chanzo kwa moyo wake wote, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Ng'ombe wakikaribia aliwatimua pamoja na mwenye ng'ombe. Wanawake waliotaka kufua juu ya chemba walirudi na nguo zao kavu. Siku moja gari la mkubwa fulani lilisimama pale dereva alioshe, na mzee akaligonga boneti kwa fimbo mpaka likaondoka. Mji mzima ulicheka mwezi mzima.

Basi, kiangazi kimoja, bomba la hospitali likakataa kugeuka waridi.

Siku ya kwanza nilidhani kidonge kimeharibika. Siku ya pili niliongeza dawa. Siku ya tatu niliongeza tena, na soko zima likanijia juu kwa harufu, lakini hospitali, ambako bomba linaishia, kichupa kikabaki vilevile. Pale kwenye tangi nilisikia maji yanayoingia yana uchachu kidogo. Nikajiambia ni kiangazi, maji yamepungua, tope limekaribia. Hilo lilikuwa kosa langu, na nitalibeba. Mtu ambaye kazi yake ni kunusa maji alinusa, akajidanganya.

Muuguzi wa wodi ya watoto, mama mmoja wa Tanga aliyefunga ushungi mweupe na aliyekuwa hana muda wa maneno mengi, alinivuta mkono akaniingiza ndani nione. Kitanda kimoja watoto wawili, kichwa huku, kichwa kule. "Nachemsha maji kwa kuni ninazonunua mwenyewe," akaniambia. "Wewe unafanya nini huko juu?"

Nilitoka mle, na sijui kama ni aibu au hasira iliyonitoa.

Mhandisi wetu alikuwa na majibu mawili, yote ya uongo. La kwanza alilitoa kwenye kikao cha wakubwa: wakimbizi wanachafua maji. Kambi zilikuwa bondeni, upande wa pili kabisa wa mlima, na maji hayapandi mlima hata kwa wakimbizi. Nusu ya majirani zangu walikuwa watoto wa waliokuja kutoka Burundi zamani, wakalima, wakaoa, wakawa watu wa hapa. Kila ugonjwa ukitokea wanatazamwa wao kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri sahihi nilipomsikia, na nilinyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza.

La pili alinitolea mimi, uani kwa ofisi, mafundi wote wakisikia.

"Kwaya yenu siku hizi inang'aa sana," akasema. "Majoho meupe mpaka macho yanauma. Unga wa serikali huo?"

Wanaume wakacheka. Kweli watu walitamani unga ule kwa kung'arishia nguo, na kweli nilikuwa mwanakwaya. Na majoho yalikuwa mapya, tumeshona mwezi ule kwa kitambaa cha kununua! Lakini nani angesikiliza? Akanipa mpaka Ijumaa: nimwambie dawa inakwenda wapi, au nirudishe funguo za tangi nikakae nyumbani kwa mume wangu. Alisema "kwa mume wako" kana kwamba ni jalalani.

Nikapanda mlima Jumanne alfajiri. Nilifuata bomba kwa zile chemba ndogo za ukaguzi zilizo njiani, nikiinua kila mfuniko na kuinamia ndani kama ninayemtafuta mtu aliyezama. Uchachu ule ulikuwepo chemba ya kwanza, ukazidi ya pili. Kwenye ya tatu, karibu na chanzo, nikaketi chini kwenye majani makavu. Harufu ile niliijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Ilikuwa harufu ya muhogo uliolowekwa.

Kwa msomaji asiyekula ugali wa muhogo: mihogo yetu michungu ina sumu, kwa hiyo huimenyi ukaila hivi hivi. Unailoweka siku nne, tano, mpaka ilainike na kuchacha, ndipo unaianika na kuitwanga. Miaka yote wanawake waliloweka kwenye vidimbwi vya mtoni, kila mmoja na kidimbwi chake. Lakini miaka ile njaa iliongezeka na watu waliongezeka, na ukiacha muhogo mtoni ulirudi ukakuta mawe matupu.

Ilikuwa zamu ya baba mkwe. Nilimkuta anafyeka majani kuzunguka uzio, safi kabisa, huwezi kuona hata ganda. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mukazana wanje," akaniita mkwewe kwa Kiha, akifurahi kuniona. "Umepanda huku, kuna nini?"

"Naomba ufunguo nitazame maji."

Akauvua shingoni akanipa. Hakusita hata kidogo, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Hakuwa na la kuficha.

Nikafungua. Magunia yalikuwa yamepangwa ndani ya chemba moja juu ya jingine, vizuri, kwa utaratibu, kila moja na kitambaa chake shingoni ili mwenyewe alijue. Juu yake povu. Gunia lililokuwa juu kabisa lilifungwa kwa kipande cha kitenge chekundu nilichomnunulia mama mkwe Krismasi. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ugali wa kwake mwaka ule ulikuwa mweupe vile. Nilikuwa nimeusifia! Nilikaa jikoni kwake nikala, nikaongeza, nikasema mama, unga wako safari hii hauna hata punje ya mchanga. Akacheka kwa raha.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mzee kabla ya siku ile wala baada yake.

"Baba, hiki nini? Hiki nini humu ndani?"

"Muhogo," akasema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoni wanauiba. Humu una kufuli. Maji yanatembea, hayana tope, unatoka mzuri. Nimewasaidia mama zako."

"Haya ni maji ya kunywa!"

"Ndiyo. Kwani ni mavi? Ni nguo chafu? Hiki ni chakula. Kitu unachokila kitachafuaje maji unayokunywa?"

"Ukiloweka muhogo nyumbani kwenye chungu, yale maji unamnywesha mbuzi?"

Akafikiri. "Oya," akasema, yaani hapana. "Ya chungu yamesimama. Haya yanatembea."

"Yanatembea kwenda wapi, baba? Yanatembea kwenda hospitali!"

Akaweka panga chini, akavua viatu, akaingia ndani ya chemba mwenyewe na suruali yake, akaanza kuyatoa magunia. Tulifungua bomba la kusafishia, tukasugua kuta kwa ufagio wa miti, tukaacha maji yamwagike mpaka jioni. Mji ulilala bila maji na ulinitukana, na nilistahili au sikustahili, sikujali. Alhamisi bomba la hospitali liligeuka waridi. Muuguzi akakichukua kichupa mkononi mwangu, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia, akaenda zake kuzima kuni.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani nitasema tu, Bwana Mhandisi, palikuwa na uchafu kwenye chemba, tumeutoa. Mume wangu ndiye aliyenitoa ujinga.

"Atauliza nani," akasema. "Sema ni panya. Sema panya wameingia wakafia humo."

"Panya wana ufunguo?"

"Sasa utamtaja baba yangu?" Alipandisha sauti mpaka watoto wakatoka kuangalia. "Utamtaja kwa mdomo wako? Wewe ni mke wa namna gani?"

Ijumaa mhandisi aliitisha wafanyakazi wote uani. Walinzi wote wawili walikuwepo, wamesimama karibu na ukuta. Nikaeleza muhogo, nikaeleza magunia, nikaeleza jinsi uchachu unavyokula dawa. Nilieleza vizuri. Nikamaliza kwa kusema tunahitaji sehemu ya kulowekea muhogo, chini ya chanzo, kidimbwi cha saruji chenye mfuniko na kufuli, mifuko michache tu ya saruji, na kinamama hawatagusa chemba tena.

"Sisi ni ofisi ya maji," mhandisi akasema, "si ofisi ya muhogo." Wakacheka tena. Kisha akachukua kalamu. "Nani alifungua chemba?"

"Mlinzi."

"Walinzi wako wawili. Nani?"

Nikatazama chini.

"Kama huna jina," akasema, "basi hakuna muhogo. Kuna unga wa serikali umeibwa, na kuna wakimbizi mtoni, na wewe unarudisha funguo. Nitaandika hivyo."

Ningeweza kunyoosha kidole. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikunyoosha kidole. Kwetu kumnyooshea mkwe kidole ni matusi makubwa kuliko kumtaja. Nilimsubiri yeye mzee aseme. Baadaye niliambiwa naye alikuwa ananisubiri mimi, kwa kuwa alijua siwezi, na alidhani mhandisi naye anajua kwamba siwezi, na kwamba jambo litaishia hapo kwa heshima ya wote. Lakini mhandisi alikuwa mtu wa mbali. Kwake jina ni jina. Nikawafikiria wale watoto, kichwa huku, kichwa kule. Nikafikiria majoho. Nikafikiria majirani zangu wanaosingiziwa kila mwaka. Na nisijipambe: nilifikiria mshahara wangu pia, kwa sababu wa mume wangu haukutosha.

Nikalitamka. Majina yote mawili, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kusikika.

Mafundi wa Kiha wote waliinamisha vichwa. Mmoja akasema "Yooo" polepole, kama msibani. Mhandisi aliandika, akauliza linaandikwaje, na mimi nikamwambia linaandikwaje. Baba mkwe akatoka ukutani, akavua kamba ya ufunguo, akaiweka chini kwenye vumbi mbele ya miguu yangu. Hakunipa mkononi. Alifukuzwa siku ile ile, baada ya miaka mingi ya kazi, kwa sababu alifunga kufuli chakula cha watu wenye njaa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini hapafai. Tulikuwa tumemwambia zuia uchafu. Hatukuwahi kumwambia uchafu ni nini. Na mimi ni mmoja wa sisi ambao hatukuwahi. Nilipanda pale mara ngapi, nikanywa maji kwa kiganja, nikashuka.

Saruji ilikuwepo. Nasema hivi kwa sababu niliiona kwa macho yangu, imerundikwa stoo. Mwezi uliofuata ilijengewa nguzo za lango la ofisi, lango la magari, na gari tulikuwa nalo moja, tena bovu.

Kinamama walirudi mtoni na muhogo wao na wizi ukarudi. Wiki mbili hazikupita, uzio wa chanzo ukakatwa. Nilipanda nikakuta magunia mawili yamesukumizwa chini ya mfuniko kwa nguvu. Mlinzi mpya alikuwa amelala. Nikayatoa, nikamfokea, nikashuka nikamwambia mhandisi, akasema ataagiza kufuli kubwa zaidi.

Safari iliyofuata nilimkuta baba mkwe mtoni, chini kabisa ya chanzo. Ameketi juu ya jiwe, fimbo mapajani, na mbele yake vidimbwi vya muhogo vimepangwa mstari, kila gunia na kitambaa chake. Alikuwa akilinda. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Kinamama walimletea viazi na togwa. Alikuja asubuhi, akaondoka mwanawe mwingine alipokuja kumpokea. Kuanzia hapo uzio haukukatwa tena. Bomba la hospitali liligeuka waridi kila siku, miezi na miezi, na wageni walipokuja kukagua, mhandisi aliwasomea taarifa kwamba mafanikio haya yametokana na usimamizi madhubuti. Nilikuwa nyuma nimebeba kichupa. Nilitaka kumtwanga nacho.

Niliomba mzee arudishwe kazini. Niliomba kwa mdomo, nikaomba kwa barua, nikaambiwa ameshaandikwa. Aliyefukuzwa kwa kuchafua chanzo harudi, hata kama yeye ndiye anayekiweka safi.

Nilipita pale mtoni kila wiki. Kila wiki nilipiga goti, nikasema shikamoo, baba. Hakuitika. Aliangalia muhogo. Mama mkwe alinipa unga, mume wangu, aliyenisusia chakula tangu Ijumaa ile, alirudi kula nyumbani, wanangu walikwenda kwa babu yao wakarudi wakicheka, lakini yeye kwangu mimi hakuwa na neno. Mara nyingine niliondoka pale nikimtukana moyoni. Niliwaza, mzee mkaidi, ulitaka niwe mwizi ili wewe uwe na heshima?

Kiangazi cha mwaka uliofuata, mchana wa jua kali, nilipiga goti kama kawaida. Majani yote yalikuwa yameungua milimani na kijani kilibaki sehemu moja tu, ndani ya uzio wetu. Nikasema shikamoo, baba. Kimya. Nikainuka niende.

"Kimbia," akasema.

Niligeuka. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, fimbo ameinyoosha kwenda juu. Kundi la ng'ombe lilikuwa limeuvamia uzio wa chanzo, nguzo zimeanguka, na mbele kabisa dume moja linakanyaga mfuniko wa chemba. Mlinzi wetu hakuonekana. Mzee alitaka kupanda, nikaona mguu wake wa kulia unamkatalia. Sikujua kwamba umeanza kumsumbua, kwa sababu hatukuwa tunazungumza.

"Kimbia, mwanangu! Miguu yangu haifiki!"

Akanirushia fimbo yake. Nikaidaka, nikapandisha ule mlima nikilia kwa sauti, na wale ng'ombe niliwapiga kana kwamba wao ndio waliomfukuza kazi.